Tuchore ramani ya wingi wa tai Uganda kwa orodha za watazamaji ndege: nani yuko tayari?

Mwanaramani (Kampala) · Jumamosi 20:14

Salaam wakuu. Kazi yangu ni kuchora ramani kwa kompyuta, na siku za mapumziko natazama ndege. Naleta jambo nililolibeba muda mrefu: tuchore ramani ya wingi wa tai Uganda nzima, kwa kutumia orodha ambazo watazamaji ndege wanaingiza kwenye simu zao kila siku.

Nasema wingi, sio uwepo. Vitabu vingi vya ndege vina ramani iliyopakwa rangi kuonyesha kwamba tai fulani anapatikana kutoka pembe hii ya nchi hadi ile. Atlasi ya ndege wa Uganda ya mwaka 2005 ni kazi kubwa na hadi leo naifungua. Lakini mtu anayetaka kupitisha laini ya umeme au kuchimba kisima cha mafuta hasaidiki sana kuambiwa tu kwamba tai wapo wilaya hiyo. Anatakiwa ajue wako wengi upande gani, na mwezi gani.

Kilichonipa imani ni walichofanya Marekani. Mwaka 1963 tai wao mwenye kichwa cheupe alikuwa amebaki na jozi 417 tu zilizojulikana katika majimbo yale 48, ukiacha Alaska na Hawaii. DDT, dawa ya wadudu iliyokuwa ikiwamaliza, ikapigwa marufuku mwaka 1972, ndege wakaanza kurudi. Machi 2021 idara yao ya wanyamapori ikatangaza makadirio mapya: tai 316,700. Hesabu hiyo waliipataje? Waliruka kwa eropleni mwaka 2018 na 2019 juu ya maeneo yenye viota vingi. Pale ambapo tai ni wachache na kurusha eropleni ni gharama bure, wakatumia mahesabu yaliyotokana na eBird, ile programu ya Chuo Kikuu cha Cornell iliyoanza mwaka 2002, ambayo mtu yeyote huingiza orodha ya ndege aliowaona.

Hawakuishia hapo. Februari 2024 zilitoka kanuni mpya za vibali vya miradi ya umeme wa upepo. Mradi ukiwa mahali ambapo ramani za eBird zinaonyesha tai wako chini ya kiwango kilichowekwa, katika vipindi vyote vitano vya mwaka, kwa kanuni hizo unaweza kupata kibali cha njia fupi. Ukiwa mahali penye tai wengi, unapita njia ndefu, unachunguzwa peke yake. Fikirini hilo. Orodha ya mstaafu aliyekaa kibarazani na darubini yake imeingia kwenye sheria ya nchi.

Sisi hapa tuna zaidi ya aina 1,000 za ndege, na tai wetu wanahitaji hilo kuliko wale. Pungu, yule tai wa mkia mfupi, ametangazwa kuwa hatarini kutoweka tangu 2020, pamoja na yule tai mkubwa wa savana, Polemaetus bellicosus. Laini ya kilovolti 400 inatoka Karuma hadi Kawanda. Visima vya mafuta viko Buliisa, vingine ndani ya hifadhi ya Murchison. Maamuzi yanafanyika sasa hivi, na sisi hatuna karatasi ya kuweka mezani.

Nani yuko tayari?

---

Mzee_Bombo · Jumamosi 20:51

Binti yangu, hongera kwa moyo huo. Lakini niulize wazi. Watazamaji ndege wa nchi hii ni akina nani? Wengi ni wageni wanaopokelewa Entebbe, wanapelekwa kinamasi cha Mabamba kumwona bulwe, yule ndege wa mdomo kama kiatu, kisha Murchison, Kibale, Queen Elizabeth, Bwindi, Mburo, wanarudi uwanja wa ndege. Gari linafuata lami. Ukichora ramani kwa orodha zao, umechora njia za magari ya watalii. Sisi wa Bombo na Luweero hatuna tai kwa sababu hakuna mzungu aliyeshuka kwenye gari hapa?

---

Mwanaramani · Jumamosi 21:20

Mzee wangu shikamoo. Umegusa penyewe, na ndiyo sababu nimefungua uzi badala ya kukaa kimya na kompyuta yangu.

Ukichukua nukta zote za tai na kuzimwaga kwenye ramani, unapata njia za watalii kama ulivyosema. Dawa yake ni kuhesabu pia juhudi ya mtazamaji. Wavuvi wawili wakirudi na samaki kumi kila mmoja, huwezi kusema ziwa zote mbili zina samaki sawa mpaka ujue nani alitupa nyavu mara moja na nani alikesha. Kwa ndege ni hivyo hivyo. Orodha inayofaa inasema ulianza saa ngapi, ulitazama dakika ngapi, ulitembea kilomita ngapi, mlikuwa wangapi. Na inajibu swali moja ambalo kwangu linazidi yote: je, umeandika ndege WOTE uliowatambua, au wale waliokufurahisha tu?

Ukijibu ndiyo, hiyo ni orodha kamili. Na orodha kamili isiyo na tai inatueleza kitu. Inasema mtu alikuwa pale, macho wazi, kwa saa nzima, na tai hakumwona. Hiyo ni sifuri halali. Mtu anayeingiza tai peke yake kwa sababu alimpendeza, hatupi sifuri yoyote, kwa hiyo hatujui alipita wapi bila kuona kitu.

Mfano halisi wa orodha nzuri, ya kando ya bwawa, ndege wa kawaida kabisa:

Saa 3:40 asubuhi. Dakika 55. Kilomita 1.2 kwa miguu. Mtazamaji 1. Kamili: ndiyo.
Mwewe 6. Kaloli 3. Kanga 11. Hondohondo 2. Yangeyange 14. Tai kishungi 1. Njiwa 9.

Basi. Hakuna cha ajabu humo, lakini naweza kuifanyia hesabu.

Watu wa Cornell wanachukua orodha kama hizo, wanaziunganisha na picha za setilaiti zinazoonyesha msitu, shamba, maji na nyasi, kisha kompyuta inajifunza: mahali penye sura hii, mwezi huu, saa hii, mtazamaji huona tai wangapi? Halafu inakadiria kwa kila mraba wa takriban kilomita 3 kwa 3, wiki kwa wiki, wiki zote 52. Sehemu ambayo hakuna aliyefika inakadiriwa kutokana na sehemu zinazofanana nayo zilizofikiwa. Ila lazima zinazofanana nayo ziwe zimefikiwa kweli. Hapo ndipo Bombo inapoingia, mzee.

---

Takwimu_Mak · Jumamosi 21:48

Natia neno kuhusu sifuri kwa sababu watu wanazidharau.

Tuseme mahali A pana orodha kamili 40 na tai ametokea kwenye 10. Mahali B pana orodha 4, ametokea kwenye 2. Kwa macho, B ni asilimia 50 na A ni asilimia 25, kwa hiyo B ina tai mara mbili? Hapana. Orodha 4 haziwezi kubeba mzigo huo, siku moja nzuri tu inageuza kila kitu.

Sasa tuseme mahali C pana orodha 10 na hakuna tai hata mmoja. Bado huwezi kusema hayupo. Kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, inawezekana anatokea kwenye robo ya orodha nzima na nyie mmemkosa kwa bahati tu. Zikifika orodha 30 tupu, kiwango hicho cha juu kinashuka hadi karibu asilimia 10. Njia ya haraka ya kukumbuka: gawa 3 kwa idadi ya orodha tupu. 3 kwa 30 ni asilimia 10. Orodha zikiwa 100 unapata asilimia 3. (Kwa idadi ndogo kama 10 njia hii inazidisha kidogo, lakini picha ni ile ile.)

Kwa hiyo Mzee Bombo, ukikaa kwako na kuandika orodha 30 zisizo na tai, umeifanyia nchi kazi kuliko mgeni aliyepiga picha ya tai mmoja Murchison.

---

Nahodha_Mabamba · Jumamosi 22:05

Mimi ni mtu wa mtumbwi. Kila asubuhi tunaingia kwenye mafunjo kumtafuta bulwe. Pale kuna jozi ya tai mla samaki, tumewazoea hadi mti wanaokaa. Siku za wageni wengi mitumbwi inaingia mingi, na kila mgeni ana simu yake, anaandika tai 2. Jioni si mtakuwa na tai ishirini wa Mabamba?

---

Mwanaramani · Jumamosi 22:19

Nahodha, swali zuri sana. Hatujumlishi. Mitumbwi kumi ikiandika tai 2 kila mmoja, jibu la hesabu ni kwamba mtu akiingia Mabamba kwa saa moja anatarajia kuona tai 2. Inabaki 2. Ndiyo maana unaitwa wingi wa kulinganisha: tunalinganisha mahali na mahali, hatuhesabu vichwa vya nchi nzima. Na kabla ya kuanza tunapunguza. Kwenye kila mraba mdogo, kila wiki, tunachagua orodha chache kwa bahati nasibu, ili Mabamba isiimeze Nakasongola. Orodha zenye kundi la watu zaidi ya 10 tunaziacha, na zile za safari ndefu mno pia, maana mtu aliyeandika ndege wa kutoka Kampala hadi Masindi kwenye orodha moja hatujui tai wake alikuwa wapi.

Ombi moja kwako na kwa madereva wenzako: waambieni wageni waandike namba. Wengi wanaweka alama ya X, maana yake alikuwepo. X haina faida kwenye ramani ya wingi.

---

Njia_ya_Kibale (Fort Portal) · Jumapili 06:33

Habari za asubuhi. Mimi naongoza wageni msituni, na kuna jambo la saa ambalo msipolirekebisha ramani itadanganya.

Watazamaji wanaamka alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu wako njiani, saa tatu na nusu wanarudi kunywa chai. Kwa ndege wadogo hiyo ni sawa kabisa. Tai hana haja ya kuamka saa hiyo. Anangoja jua lipashe ardhi, hewa ya moto ianze kupanda, ndipo apande nayo bila kupiga bawa. Yule tai mwenye taji, anayekula mbega wekundu wetu, mara nyingi namsikia kuanzia saa nne. Dume anapanda juu sana ya msitu, anashuka, anapanda tena kama mawimbi, huku anaita bila kukoma. Wageni wanakuwa wameshaingia kwenye gari. Chini ya majani humwoni hata akiwa juu ya kichwa chako. Nimewahi kusimama chini ya mti wenye mifupa ya nyani imetapakaa chini, mafuvu madogo yametobolewa, na juu kimya kabisa.

Utafiti uliofanyika pale Ngogo, ndani ya Kibale, umeonyesha huyu ndege ni mwindaji mkubwa wa nyani. Lakini ukisoma orodha za saa kumi na mbili utadhani Kibale haina tai.

---

Mwanaramani · Jumapili 07:40

Kaka, asante mno. Saa ya kuanza inaingia kwenye hesabu, kompyuta inajifunza kwamba saa nne tai anaonekana zaidi kuliko saa kumi na mbili. Lakini inajifunza kama kuna orodha za saa nne za kujifunzia. Kwa hiyo nabadilisha ombi langu: tukiweza, kila mmoja aongeze orodha moja ya saa nne hadi saa sita, mahali penye uwazi wa kuona anga. Na kumsikia ni sawa na kumwona, mhesabu.

---

Mfugaji_Nakasongola · Jumapili 09:12

Kiswahili nilijifunzia jeshini, mnisamehe makosa. Nina ng'ombe na mbuzi. Nataka kusema kuhusu pungu, yule mwekundu usoni, mkia mfupi kama umekatwa, akiruka anayumba huku na huku. Nilipokuwa kijana alikuwa kila siku juu ya malisho. Sasa zinapita siku nyingi.

Sababu tunaijua sisi wafugaji. Simba au fisi akiua ng'ombe, kuna watu wanapaka sumu kwenye mzoga, ile dawa ya mashambani. Fisi anakufa. Pungu naye anakula mizoga na ana macho makali, anafika mapema. Anakufa. Tumbusi wanakuja kwa wingi, wanakufa wote. Mwaka 2021 simba 6 waliokotwa wamekufa Ishasha, kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth, na tumbusi pembeni yao, nchi nzima ilisikia.

Swali langu: ramani itamsaidiaje pungu? Aliyeweka sumu hasomi ramani.

---

Mwl_Yumbe · Jumapili 10:02

Afande, nakuunga mkono, na hapa Yumbe pia tumeyaona. Ila fikiria upande wa pili. Ukienda kwa mkuu wa wilaya ukasema "zamani walikuwa wengi", anaandika kwenye daftari, anafunga. Ukienda na michoro inayoonyesha kwamba kwenye malisho ya Nakasongola pungu anatokea kwenye orodha chache kuliko ndani ya Murchison, wakati nyasi na miti vinafanana, lazima aulize kwa nini. Hapo ndipo neno sumu linaingia kwenye kikao na haliondoki.

Mimi nina wasiwasi mwingine, dada Mwanaramani. Viota. Tai mwenye taji anazaa kwa kawaida mara moja kila miaka miwili, mtoto mmoja. Mtu akiweka kiota kwenye simu, na kila mtu duniani anaona, mtoto huyo yuko salama?

---

Mwanaramani · Jumapili 10:45

Mwalimu, hapo sina mjadala. Kiota kisiwekwe kwa nukta yake. Andika orodha yako ukiwa barabarani, anzisha na umalize mbali na mti, usiandike maelezo ya kiota wala usiweke picha yake. eBird wenyewe wana orodha ya ndege ambao mahali pao panafichwa, lakini tusiwaachie wao kila uamuzi. Ramani ya mraba wa kilomita 3 haihitaji kujua mti. Wanaofuatilia viota wawapelekee watu wa shirika la NatureUganda au mamlaka ya wanyamapori moja kwa moja.

Afande wa Nakasongola, mwalimu amejibu vizuri kuliko mimi. Naongeza hili tu. Yule tai mkubwa wa savana, jozi moja yaweza kutawala zaidi ya kilomita za mraba 100. Hifadhi nyingi ni ndogo kwake. Anaishi kwenye malisho yenu kwa lazima, anakula kanga, kwale, kenge, na ndiyo, siku nyingine mtoto wa mbuzi. Orodha ya mfugaji anayetembea na mifugo saa tano za asubuhi, nje ya hifadhi, ndiyo ambayo haipo kabisa kwenye hifadhidata. Hakuna mgeni atakayeileta.

---

Kwale_Busia · Jumapili 11:30

Majirani, niko upande wa pili wa mpaka lakini duka liko kwenu. Kenya tunatumia programu ya simu ya BirdLasser kwa mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza 2013. Nchi imegawanywa viraba vya dakika 5 kwa dakika 5 za latitudo na longitudo, huku kwenye ikweta ni zaidi kidogo ya kilomita 9 kwa 9. Ukiingia kwenye kiraba unakaa angalau saa mbili unatafuta kila aina ya mazingira: mto, shamba, soko, kichaka. Unaandika aina kwa mpangilio wa kuonekana. Hatuhesabu vichwa, tunaangalia aina fulani inatokea kwenye orodha ngapi kati ya zote.

Nasifu jambo moja la mtindo huu: unakuonyesha kiraba kitupu. Unafungua ramani unaona hapa hakuna aliyefika, unapata hamu ya kwenda. eBird inakuvuta pale ambapo wengine wameshaona vitu.

---

Takwimu_Mak · Jumapili 11:52

Hapo umesema kweli mkuu. Uganda yote ina kama kilomita za mraba 241,000 pamoja na maziwa. Kwa viraba vyenu ni karibu 2,800. Kwa miraba ya kilomita 3 ni karibu 27,000. Kwa idadi ya watu tuliyonayo, napendekeza tupange safari kwa viraba vikubwa, lakini kila mtu aandike kwa eBird na namba. Tunapata vyote viwili.

---

Mzee_Bombo · Jumapili 13:15

Naanza kuelewa. Lakini sisi wazee macho yetu… na huku mwewe wamejaa. Kila kitu cha kahawia kinachozunguka juu ya soko watu wanaita tai. Hiyo haitaharibu?

---

Nahodha_Mabamba · Jumapili 13:40

Mzee wangu, mwewe angalia mkia. Umegawanyika nchani, na anausokota akigeuka, kama usukani. Tai mkia wake hausokotwi hivyo. Mdomo wa mwewe wetu aliyekomaa ni wa njano.

Na ukitaka kuanza na tai mmoja, anza na tai kishungi. Huyo hakai porini tu, anapenda mashamba na mikaratusi na nguzo za kando ya barabara. Nyeusi mwili mzima, jicho la njano. Manyoya ya kichwani marefu, malegevu, upepo ukivuma yanaanguka mbele ya uso na yeye hajali, anaangalia panya chini. Akiruka unaona madirisha meupe mawili karibu na ncha za mabawa. Ukishamwona mara moja huchanganyi tena. Na ni rafiki wa mkulima, chakula chake kikubwa ni panya.

Mtihani ni watoto. Mtoto wa tai mla samaki ana madoadoa ya kahawia, anachukua miaka kama minne mitano kuwa na kichwa cheupe. Wageni wengi wanamwita jina lingine.

---

Mwanaramani · Jumapili 14:05

Na usipokuwa na uhakika, mzee, programu inaruhusu kuandika "tai asiyetambuliwa". Andika hivyo bila aibu. Orodha inabaki kamili, kwa sababu umeandika ulichoweza kutambua. Kukisia jina ndiko kunakoharibu. Pia kuna wakaguzi wa kujitolea: ukiingiza ndege asiyetarajiwa eneo hilo au idadi kubwa mno, wanakuandikia kukuuliza picha au maelezo.

---

Amani_Nakivale · Jumapili 16:27

Jambo wote. Mimi niko kambi ya Nakivale, nimetoka Kongo. Hapa ziwa liko karibu na furukombe, yule tai mla samaki, analia kila asubuhi, hata watoto wanamwiga. Sijawahi kuona mtalii wa ndege hapa, wanaishia Mburo. Nina simu ndogo ya mguso na bando inaisha haraka. Naweza kushiriki?

---

Mwanaramani · Jumapili 16:50

Amani mdogo wangu, wewe ndiye nilikuwa namtafuta! Mburo na Nakivale ni mfumo mmoja wa maji, umeandikishwa kwa mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu tangu 2006, lakini orodha zimejazana upande mmoja. Programu inafanya kazi bila mtandao. Ukipata Wi-Fi mara moja, pakua kifurushi cha ndege wa Uganda. Baada ya hapo GPS inapima umbali yenyewe, unaandika, unahifadhi. Utatuma siku ukipata mtandao, hata wiki ijayo. Maandishi matupu hayali bando kubwa. Usipakie tu picha.

Anza hivi: kaa mahali pamoja ukingoni, nusu saa, hesabu kila ndege unayemjua. Hujui jina, ruka. Wanaolia nao ni ndege.

---

Njia_ya_Kibale · Jumapili 18:11

Swali la mwisho kwangu. Data hizi zinaenda Marekani. Sisi tunarudishiwa nini? Nimeona mambo mengi yakichukuliwa hapa.

---

Takwimu_Mak · Jumapili 18:39

Ni swali la haki. Data za eBird unaweza kuziomba bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, unaandika kusudi lako, unapewa faili nzima ya Uganda pamoja na maelezo ya juhudi. Pia zinaingia GBIF, hifadhidata ya dunia ya viumbe hai, ambako yeyote anapakua. Kwa hiyo hakuna anayetuzuia kufanya hesabu hapa hapa, kwa mikono yetu, na nakala ikabaki kwenye hifadhi ya data za bayoanuwai pale Makerere. Zana zenyewe ni za bure, kuna kifurushi cha R, lugha ya kompyuta ya takwimu, kinachochuja faili na kujaza zile sifuri tulizozisema.

Na tusisahau wenzetu wa NatureUganda wamekuwa wakihesabu ndege wa majini na ndege wala nyama wanaoonekana kando ya barabara kabla simu hizi hazijaja. Hesabu hizo zina utaratibu uleule mwaka hadi mwaka. Ramani yetu ikisema tai mla samaki ni wengi mahali fulani na hesabu zao za majini zikisema hapana, tutajua kuna kasoro. Tuwaombe tulinganishe.

---

Mwanaramani · Jumapili 19:30

Nimekusanya yote. Tunaanza Jumamosi ijayo, hivi.

Kazi ya kwanza ni ukanda wa laini ya Karuma hadi Kawanda, na malisho ya Nakasongola pembeni yake. Nimeichagua kwa sababu ni nje ya hifadhi, ina savana, shamba na kinamasi, na barabara ya Gulu inakwenda upande huo, kwa hiyo basi linatosha. Kuna aina mbili za hatari hapo. Kwenye laini kubwa nyaya zimeachana sana, tai anagonga waya akiwa angani, hasa ule mwembamba wa juu kabisa. Kwenye nguzo za kilovolti 11 na 33 nyaya zinakaribiana, na ndege ambaye mabawa yake yanafika mita 2 anagusa waya mbili kwa pamoja akitua au akiruka, anaungua. Huwa hatuwaoni waliokufa kwa sababu mbwa na fisi wanaokota usiku. Ukimkuta aliyekufa, piga picha yake na ya nguzo na namba iliyo kwenye nguzo, usimwingize kwenye orodha ya walio hai.

Orodha: dakika 30 hadi saa 2, kwa miguu, chini ya kilomita 5, kamili, namba sio X. Moja ya alfajiri kama unapenda, moja ya saa nne hadi saa sita kwa lazima. Rudia mahali pale pale kila mwezi ukiweza, maana kuanzia Oktoba hadi Machi tuna wageni, Aquila nipalensis, wale tai wa kutoka Kazakhstan na Urusi. Bila miezi yote tutawachanganya na wenyeji.

Mfugaji, utatupokea?

---

Mfugaji_Nakasongola · Jumapili 20:02

Njooni. Mtashuka stendi, nitatuma kijana na pikipiki. Maziwa yapo. Nitazungumza na majirani wasishangae watu wenye darubini, na kuhusu ile sumu nitaanza nao mimi mwenyewe kwanza kabla hamjafika.

---

Mzee_Bombo · Jumapili 20:20

Mjukuu wangu ameniwekea programu. Inaniuliza niko peke yangu au wangapi. Tuko wawili, yeye anaona na mimi nataja majina. Naandika 2?

---

Mwanaramani · Jumapili 20:24

Andika 2, mzee. Na muda uanze pale mnapoanza kutazama, sio mnapotoka nyumbani.

---

Kwale_Busia · Jumapili 20:41

Nipangieni kiti kwenye basi la Jumamosi. Nitaunganisha Kampala.